Ng'ombe Pekee wa Ville ya Alungwe

Alungwe ni ville, mji kamili. Anayebisha hajui historia, maana mji huo umetangazwa kuwa ville mara nyingi kuliko mlevi anavyookoka. Kila jeshi lililoingia, mkubwa wake alipanda juu ya pipa la mawese pale sokoni, akakohoa, akasema kuanzia leo Alungwe si kijiji tena. Watu walipiga makofi. Kesho yake walishuka kuchota maji mtoni kama jana, kwa sababu bomba la ville hiyo ni mto, taa yake ni mwezi, na redio yake ni Émilienne, muuza ndakala, dagaa wa ziwani. Ukimnong'oneza habari asubuhi huku Ngambo ya Soko, saa sita utaisikia Ngambo ya Misheni, imenenepa na kuota meno.

Mto wenyewe unateremka kutoka milimani, unaukata mji vipande viwili, kisha unaingia ziwani kati ya Baraka na Kazimia bila kumuaga mtu. Daraja la Wabelgiji lilichukuliwa na maji zamani. Tangu hapo watu wanavuka juu ya shina moja la mti lililolazwa ng'ambo hadi ng'ambo. Kila serikali imeahidi daraja, na kila serikali imevuka juu ya shina hilo ikiwa imebeba viatu mkononi.

Mume wa Émilienne aliitwa Casimir, fundi wa nyavu. Alikaa mchana kutwa chini ya shina lile, miguu majini, akiziba matundu ya nyavu za wengine na kusikiliza miguu ya raia ikipita juu ya kichwa chake. Alikuwa mtu wa amani, kwa sababu kugombana kunataka usimame.

Ng'ombe alimjia kwa ajali. Kila Alhamisi, siku ya soko, watu wa Haut Plateau, nyanda za juu, walishuka kutoka upande wa Minembwe na siagi na maziwa, wakabadilisha kwa mawese na ndakala. Mmoja wao, Gakunzi, mrefu kama mlingoti, aliweza kumtazama chui machoni, lakini maji yakimpita kifundo cha mguu alianza kusali. Mwaka wa 1997, vita moja imekwisha na nyingine bado inafunga kamba za viatu, Gakunzi aliteleza juu ya shina akaanguka mtoni na kofia yake na kibuyu chake. Casimir alicheka kwanza, vizuri, mpaka mwisho. Halafu alitupa wavu akamvua kama samaki.

Alhamisi iliyofuata Gakunzi alishuka na ng'ombe jike mwekundu wa kuiva, pembe zimeinuka kama mikono ya mtu anayesifu. Akamsimamisha mbele ya nyumba ya Casimir.

"Ndugu, huyu ni wako."

"Wangu ya kufanya naye nini? Mi niko fundi ya nyavu."

"Kwetu, muntu akikurudishia roho, unamupa ng'ombe. Akizaa jike, ile jike ya kwanza utanirudishia mi. Hapo njo urafiki unafunga fundo."

"Na akizaa dume?"

"Utangojea."

"Na siku njaa ikituzidi, tukimula?"

Gakunzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama siku ya Krismasi ni ruhusa kumchinja mchungaji. Casimir akaelewa. Kula ng'ombe huyo kungekuwa sawa na kumrudisha Gakunzi mtoni na kumkandamiza kichwa. Akapokea kamba.

Émilienne alitoka ndani, akamtazama mnyama kutoka pembe hadi mkia, kisha akamgeukia mumewe. "Umeenda kuosha nyavu, umerudi na ng'ombe. Kesho usiende kuoga, utaniletea kiboko."

Jina lake lilikuwa Bihogo, na alikuwa na kiburi cha watu wa juu. Ukimsemesha Kibembe, alikutazama. Ukimsemesha Kiswahili, alitafuna. Katibu wa bureau ya serikali alijaribu Kifaransa, ng'ombe akanya, na watu wakakubaliana kwamba huyo ana akili. Lugha aliyoisikia ni moja tu, ile ya Gakunzi. "Ngwino, Bihogo, ngwino mwiza," yaani njoo, njoo mrembo. Hapo alinyanyua masikio na kutembea kama bibi harusi. Casimir alijifunza maneno hayo. Gakunzi alimsikiliza mpaka machozi ya kicheko yakamtoka.

"Unasema kama muntu iko na kiazi ya moto mukinywa."

"Lakini anakuja."

"Anakuja juu ya kukuonea huruma."

Halafu ikafika Agosti 1998, vita ikarudi, waasi wakahesabiwa kuwa watu wa lugha ya Gakunzi, na katika nchi ya chini lugha hiyo ikawa kitu cha kumuua mtu. Ukisikiwa unaitamka sokoni, hawakuulizi ulikuwa unasema nini. Gakunzi alishuka mapema kuwakusanya watoto wake waliokuwa wanasoma Misheni, kabla hawajafukuzwa. Alipita kwa Casimir na kusimama mlangoni, hakuingia.

"Casimir. Ile jike?"

"Ikizaliwa, itakuja kwenu na miguu yake. Na kamba nitashika mi mwenyewe."

Wakashikana mikono, na Gakunzi akapanda mlima. Ndivyo Casimir, mtu asiyependa kusimama, alivyobaki amesimama katikati ya vita na ng'ombe asiyejua lugha nyingine ila ile iliyokatazwa.

Wanajeshi wa vita ile walikula. Walikula mbuzi, kisha kuku, kisha sungura wa padri, kisha bata wa aliyewaonyesha walipo sungura wa padri. Casimir alimficha Bihogo katika depo ya pamba ya zamani, nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Wabelgiji walikuwa wameijenga kwa kuta nene, na pamba yenyewe hakuna aliyeikumbuka tena. Mji mzima ulijua. Hilo ndilo la ajabu. Alungwe haijawahi kutunza siri ya mimba wala ya talaka, lakini siri ya ng'ombe iliitunza, hata Émilienne, aliyesema baadaye kwamba midomo ilikuwa inamwasha usiku kucha. Kina mama walileta maganda ya muhogo katika beseni, wamefunika kwa kitenge. Mama Godelieve, mkunga wa maternité, alikuja kila siku na chupa yake kuchukua maziwa ya watoto waliokosa ya mama zao, maana Bihogo alikuwa ameingia vitani na mimba na akazaa ndani ya depo.

Alizaa dume. Wazee walitikisa vichwa wakasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Dume lenyewe lilikua, likaenda kuchungulia dunia nje, na dunia ilikuwa na sufuria tayari. Casimir alilia kidogo, akapiga hesabu ya ahadi yake, akaona amerudi pale pale.

Shida ya kila siku ilikuwa asubuhi. Bihogo alipaswa kutoka kwenda kula matete kando ya mto kabla mji haujaamka, na bila ile "ngwino" hakusogeza hata kwato. Casimir aliita kwa sauti ya chini, ng'ombe akajifanya kiziwi. Ikabidi apandishe. Siku moja askari wa doria alisimama kando ya kanisa, bunduki mbele.

"Nani iko na sema ile luga?"

Mchungaji Jérémie, ambaye hakuwa amesema uongo tangu aokoke isipokuwa katika hotuba za mazishi, alitoka akifunga shati.

"Iko ndugu yetu Casimir. Ananena kwa lugha."

"Luga ya nani?"

"Ya Roho."

"Kila asubui?"

"Roho haina ratiba, mwanangu."

Askari alivua kofia. Kuanzia siku hiyo kwaya ya mchungaji ilianza mazoezi alfajiri, ili Roho asisikike peke yake, na Casimir akapata sifa ya mtu wa maombi. Wagonjwa walimletea vichwa awawekee mikono. Émilienne, aliyemjua mtu wake, ilimbidi atoke nje acheke kwanza.

Basi jeshi lile liliondoka kama yanavyoondoka majeshi, kwa haraka na kwa magodoro ya watu, na wapiganaji wa porini wakashuka. Mkubwa wao alikuwa Kanali Willy, mtoto wa Mama Marthe wa Ngambo ya Soko. Kabla ya vita alikuwa fundi wa baiskeli. Alipanda porini na spana, akashuka na cheo. Wapiganaji wake walilindwa na maji ya dawa waliyonyunyiziwa na mganga wao, na dawa hiyo ilikuwa na masharti mengi kuliko ndoa ya Kikatoliki. Sharti kubwa lilikuwa hili: mpiganaji aliyelala na mwanamke, au aliyegusa aliyetoka kulala na mwanamke, maji yanamtoka, na risasi inamwona.

Kanali Willy alitangaza kwamba Jumapili Alungwe itakuwa ville, na safari hii kweli. Kwa ajili ya sherehe alileta fahali mkubwa mweusi. Alipomtoa tusiulize, fahali haoti kando ya ziwa. Wakamfunga kwenye goli la uwanja wa mpira, Ngambo ya Soko, angoje kisu.

Jumapili hiyo hiyo asubuhi Bihogo alianza kulia. Hakulia kama siku nyingine. Alilia kwa sauti ya kutoka tumboni, ndefu, akigonga ukuta wa depo kwa pembe. Kanisani Mchungaji Jérémie aliinua kwaya, kwaya ikaimba wimbo wa kwanza, ng'ombe akalia juu yake, kwaya ikapandisha, ng'ombe naye akapandisha. Casimir alikimbilia depo. Katika maisha yake yote alikuwa ameona kiumbe kimoja tu kikihangaika namna hiyo, samaki aliyemeza ndoano. Akajipaka mawese mkono mzima, akamfungua Bihogo kinywa, akauingiza. Godelieve alimkuta hapo, mkono umezama hadi kiwiko.

"Unatafuta nini mule?"

"Ndoano. Amemeza kitu."

"Casimir, toa mukono. Wewe unatafuta mukinywa, na ugonjwa iko upande wa mukia."

"Wa mukia?"

"Anataka bwana."

Casimir alitoa mkono polepole. Samaki, mambo hayo huyamaliza wenyewe kwa wenyewe, bila kelele.

"Atalia mpaka lini?"

"Mpaka jioni, pengine. Kisha atanyamaza, kama siye bote."

Godelieve akarudi kwa wagonjwa wake. Casimir alibaki na mkono wake unaodondosha mawese, akafikiri, kazi aliyoifanya taratibu kama kuziba wavu. Kutoka Baraka hadi Kazimia majeshi yalikuwa yamekula kila kilichokuwa na pembe. Fahali aliyebaki alikuwa mmoja, yule wa kwenye goli, na baada ya ibada atakuwa mchuzi. Yeye Casimir akinyamaza, mlango ukikaa umefungwa na kwaya ikikaza, Bihogo ataishi, lakini hatazaa tena, na jike la Gakunzi halitakuwapo milele. Akifungua mlango, sauti itavuka mto. Fahali ataisikia. Kanali pia ataisikia.

Aliketi juu ya gogo lililofungia mlango. Akasimama. Akaketi tena. Halafu akasema, "Bon," na kwa mkono ule wenye mawese akaliondoa gogo, likateleza vizuri.

Sauti ya Bihogo ilitoka nje nzima, bila ukuta. Kwaya ilinyamaza katikati ya neno Haleluya. Kutoka Ngambo ya Soko ukaja mngurumo mmoja, mzito, wa jibu, na baada yake mlio wa mti kuvunjika.

Fahali hakukata kamba. Alikuja na goli. Alipita sokoni akiburuta miti yake yote mitatu, akaangusha pipa la mawese lililokuwa limewekwa tayari kwa hotuba, akaingia mtoni chini ya shina, akatoka ng'ambo ya pili akimwaga maji, nyuma yake wapiganaji wakipiga kelele na kuvuka mmoja mmoja, viatu mkononi, maana hata wao hawakutaka kulowa. Waumini walitoka nje kumpisha. Mchungaji Jérémie alishika Biblia mbele ya kifua kama ngao. Fahali hakumtazama. Alijua anakokwenda.

Kanali Willy alipofika depo, mambo yalikuwa yamekwisha. Bihogo alikuwa ametulia, anatafuna. Fahali amesimama kando yake, goli likiwa bado shingoni, uso wa mtu aliyelipwa mshahara.

"Huyu jike iko wa nani?" Kanali aliuliza.

Mji mzima uliangalia chini. Casimir alisogea, akasimama kando ya Bihogo.

"Wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mon colonel."

"Kumbe muko na ng'ombe, na banajeshi bangu banakula sombe, majani tu." Willy alitabasamu. "Bien. Ville itakula wawili. Leta kisu."

Casimir alishika kamba ya Bihogo akaizungusha mkononi, mara mbili, kama mvuvi anayeona samaki mkubwa anataka kumvuta ziwani. Hakuwa na bunduki wala maneno. Alikuwa na kamba tu, na hakuiachia.

"Willy," alisema Godelieve.

"Colonel."

"Mi nilikushika kichwa ukitoka kwa mama yako. Hukukuwa na cheo." Alijipenyeza mbele, aproni ya maternité kiunoni. "Kula tu, sikukatazi. Lakini uliza mganga yako kwanza. Hawa wametoka sasa hivi mukitanda. Bado wako na jasho. Muntu atamugusa, atamuchinja, atamula, maji yake itakuwa namna gani?"

Mpiganaji aliyekuwa ameshika pembe ya fahali aliiachia. Mwingine alifuta viganja kwenye suruali, akavitazama, akafuta tena. Yule mwenye kisu alikumbuka kwamba ana kazi sokoni.

Willy alimtafuta mganga kwa macho. Mzee alikuwa amekwisha kurudi nyuma, hatua kubwa.

"Anasema kweli," mganga alisema. "Sharti ni sharti."

"Hata mapaja?"

"Hata supu, mon colonel."

Kanali aligeuza shingo. Nyuma yake jeshi zima lilikuwa linamngoja aamue kati ya nyama na risasi, na uso wa kila mmoja ulisema umeshaamua. Mwishowe alitoa amri kwa sauti ya mtu aliyeitunga mwenyewe: mpiganaji yeyote atakayemsogelea mmoja wa ng'ombe hawa wawili atafungwa. Ville ya Alungwe ilitangazwa jioni, juu ya pipa lililoinuliwa upya, kwa karamu ya bukari, ugali wa huko, na ndakala za Émilienne, ambaye kwa mara ya kwanza alipikia serikali na kupumzisha midomo yake kwa pamoja, maana siri ilikuwa imekwisha.

Hivyo Bihogo akawa raia pekee wa mji ule mwenye ulinzi wa serikali. Alipita sokoni mchana kweupe, na wapiganaji walimpisha njia wakiwa wameinua mikono juu. Fahali naye alikaa kama mtumishi wa bureau, anakula, anatembea, hakuna anayemuuliza anafanya kazi gani, mpaka siku moja alishika barabara ya Lulimba akapotelea huko, pengine kutafuta dhahabu kama wanaume wengine. Goli lilibaki likawa mlango wa depo. Tangu hapo timu ya Ngambo ya Soko inacheza na goli moja, na wanadai ndiyo sababu wanashindwa.

Mvua zilizofuata zilipotulia, Bihogo alizaa. Godelieve alimsaidia, akainua mkia wa ndama, akatazama, akatazama tena kwa uhakika wa kazi yake. Vigelegele vilianzia depo vikavuka mto. Casimir, aliyekuwa amefumba macho, aliuliza ni nini.

"Mwambie mwenye methali aje aone," Godelieve alimjibu. "Iko jike."

Ndama alikua mtoto wa ville kabisa. Alikula maganda ya muhogo na vichwa vya ndakala, akadharau nyasi, na hakutembea bila wimbo, kwa sababu tangu azaliwe kila asubuhi alitolewa na kwaya.

Mwaka wa 2003 wakubwa waligawana viti huko Kinshasa, na njia za milimani zikafunguka pole pole. Alhamisi moja Casimir, chini ya shina, miguu majini, alisikia juu ya kichwa chake hatua za mtu anayesali. Hakuinua macho.

"Vuka pole pole," alisema. "Wavu iko na matundu."

Gakunzi alikuwa amezeeka, kofia ni nyingine, urefu ni ule ule. Walikumbatiana mpaka Émilienne akasema bukari inapoa. Baada ya kula wakaenda depo. Gakunzi alisimama mbele ya Bihogo, akavua kofia, akamwita kwa lugha yake tamu ya milimani, safi kama maji ya chemchemi. Bihogo alimtazama. Akaendelea kutafuna.

"Mi njo nilimulea," Gakunzi alisema.

"Ngoja." Casimir aliita kwa kile kinywa chake chenye kiazi cha moto, maneno yamepinda yote, na Bihogo alinyanyua masikio akaja kama bibi harusi.

"Umemuharibu."

"Nimemusomesha."

Gakunzi alijaribu tena, safari hii akiyapinda maneno kama Mbembe. Bihogo alimlamba mkono. Mtu yule mrefu alicheka, akageuza uso.

Walipofika mtoni na ndama, kwaya ya Mchungaji Jérémie ilikuwa ng'ambo ya pili ikiimba ili jike likubali kuvuka. Lilivuka majini, na Casimir mbele yake, maji kifuani, kamba mkononi kama alivyoahidi, wavu begani. Gakunzi alipanda juu ya shina, mikono imepanuliwa, midomo inasali. Katikati alisimama. Mguu mmoja ulitafuta mahali pa kukanyaga, haukupaona haraka.

Casimir, akiwa majini, aliinua kichwa.

"Gakunzi, ndugu yangu, tembea vizuri," alisema. "Ukianguka tena nitakutoa, lakini ng'ombe ingine siitaki. Mi siko na depo ya pili."